Kufuta jina hakutoshi kisiwani: uzi kwa anayetaka kusomea usalama wa data

MwanaLangoni

Salaam aleikum jamani. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo asiogope, hauna picha.

Mpwa wangu wa kike anamaliza digrii ya kompyuta mwaka huu na anataka kuendelea. Wiki jana alikuja Lamu likizo na karatasi yenye mada kumi na kitu alizopewa na walimu wake: kusimba (kuficha ujumbe kwa hesabu) kwa zama za kwantamu, usalama wa mitandao, faragha ya data, na nyingine ambazo hata kuzitamka ni kazi. Akaniuliza, “Mjomba, nishike ipi?” Nikamwambia nipe siku mbili. Hili hapa jibu langu, na nimeliweka hadharani kwa sababu humu wamo watu wa kunikosoa bila kunionea haya.

Kwanza kisa.

Kabla sijaanza kutengeneza simu nilikuwa karani wa data kwenye mradi mmoja wa afya visiwani. Mradi siutaji, na kijiji sikitaji. Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya fomu za karatasi kutoka vituo, kuziingiza kwenye Excel, na kila mwezi kutuma jedwali kwa wakubwa. Tulikuwa waangalifu, au ndivyo tulivyojiona. Tulifuta jina. Tukafuta namba ya kitambulisho na ya simu. Zikabaki safu tano: umri, jinsia, kijiji, tarehe aliyokuja, huduma aliyopata. Mkubwa wetu akasema hiyo sasa ni data isiyo na mwenyewe, akaitia kwenye kundi la WhatsApp la kamati ili wajumbe waje mkutanoni wakiwa wameisoma.

Mmoja wa wajumbe ni mzee ambaye simu yake husomewa na mjukuu. Mjukuu akaanza kusoma kwa sauti barazani kwao, na hapo kando pana mama mmoja amekaa anasuka ukili. Akafika mstari wa thelathini na kitu: mwanamke, miaka 41, kijiji kile, tarehe 9, dawa za kifua kikuu. Yule mama hakuinua hata kichwa. “Tarehe tisa si ndiyo siku fulani alipanda mashua ya alfajiri peke yake?” Basi. Hakuna kompyuta iliyowashwa.

Huyo fulani alikuwa akiuza mahamri gatini. Asubuhi mbili baadaye nilimwona anarudi nyumbani na sinia limejaa, kitambaa cha juu hakijafunuliwa. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa hamri, na mtu akishakaa wiki kadhaa kwenye dawa kwa kawaida haambukizi tena. Lakini nani atasimama gatini saa kumi na mbili asubuhi kuhutubia hayo?

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, nikakuta wenzetu yaliwapata zamani. Katikati ya miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa rekodi za hospitali za watumishi wa serikali, majina yamefutwa. Gavana William Weld akawatuliza watu kwamba faragha yao iko salama. Mwanafunzi aitwaye Latanya Sweeney akanunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Waliozaliwa tarehe moja na gavana walikuwa sita. Wanaume kati yao watatu. Anayekaa kwenye eneo lake la posta, mmoja. Rekodi ya gavana ikatoka. Baadaye Sweeney akakadiria kwamba Wamarekani 87 katika kila 100 waweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta.

Yeye alitoa dola 20. Sisi tunayo bure, yule mama wa ukili ndiye orodha yenyewe.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima ya Lamu. Wagawe kwa visiwa, kisha kwa vijiji, kisha kwa umri na jinsia, utabaki na mtu mmoja mmoja amesimama peke yake kwenye jedwali kama mnazi ufukweni. Nyingi ya mbinu za faragha zimebuniwa na watu wa miji ambako hata jina la jirani wa ghorofa ya juu hulijui. Kwa hiyo nimemwambia mpwa: mwanangu, shika faragha ya data katika jamii ndogo. Hapo una jambo la kuwaeleza maprofesa wa Ulaya, wakanyamaza wakakusikiliza.

Haya, nipigeni.

---

FundiMalindi

Waaleikum salaam kaka. Kisa kimeniuma, wallahi. Lakini mwisho wa uzi unampoteza mtoto wa watu.

Moto wote uko kwenye kwantamu. Tangu 1994 Peter Shor alipoonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ile inayohesabu kwa fizikia ya chembe ndogo, ikiwa kubwa ya kutosha itavunja RSA, dunia inahesabu siku. RSA ni njia ya kusimba ya 1977, na pamoja na ndugu zake ndiyo imekaa chini ya benki, tovuti, karibu kila kitu. Marekani kupitia NIST, taasisi yao ya viwango, walifungua mashindano ya njia mpya mwaka 2016, na Agosti 2024 wakatoa viwango vitatu: ML-KEM ya kubadilishana funguo, ML-DSA na SLH-DSA za kutia saini. Signal, programu ya ujumbe, walishaanza kuhama Septemba 2023, Apple wakafuata 2024 kwenye iMessage. Na usiseme kompyuta yenyewe bado haijaja. Kuna watu wananasa mawasiliano leo na kuyaweka ghalani, wakingoja siku ya kuyafungua. Siri ya miaka thelathini inayotumwa leo kwa njia ya zamani imeshaibwa, bado kusomwa tu.

Halafu mimi ni mtu wa Malindi. Pale Ngomeni Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia vyombo vya angani, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ikapewa jina la Uhuru. Pwani hii imegusa anga kabla ya wengi. Mwaka 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya California San Diego na Maryland waliweka dishi la kawaida juu ya paa, wakasikiliza setilaiti 39, wakakuta mawasiliano mengi yanapita wazi: simu na ujumbe wa watu, mambo ya makampuni, hata ya jeshi. Huo ndio utafiti! Wewe unamrudisha mtoto barazani kwa wasuka ukili.

---

MwanaLangoni

@FundiMalindi karibu sana ndugu yangu, nilijua utakuja.

Kwantamu siidharau. Ila tazama mfano wako wa setilaiti. Wale watafiti hawakuvunja fumbo lolote. Walikuta mlango hauna hata komeo. Ungeweka ML-KEM au kufuli la babu yako, aliyeacha wazi ameacha wazi.

Na kwenye mashindano yenyewe, mpwa asome habari ya SIKE, mojawapo ya njia zilizoshindanishwa, kabla hajatia mguu. Ilikuwa imefika raundi ya nne mwaka 2022, ufunguo wake mdogo, kila mtu anaupenda. Majira ya kati ya mwaka huohuo Wouter Castryck na Thomas Decru wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, wakaivunja kwa kompyuta moja ya kawaida, kiini kimoja cha prosesa, kama saa moja. Hawakutumia kwantamu. Walitumia nadharia ya hesabu ya miaka ya 1990 ambayo hakuna aliyefikiria kuileta pale. Ndani ya mwaka huo tena Ward Beullens akaivunja Rainbow, njia nyingine ya mashindano hayo, kwa laptopu, wikendi moja. Uwanja huo una mabingwa wa hesabu waliokaa nao miaka ishirini. Kama mtoto ana moyo huo, aende, nitambariki na nauli nitamtafutia.

Jambo moja la kwantamu ndilo lingeweza kuwa letu: ukubwa. Ufunguo wa hadharani wa njia ya sasa, X25519, ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184. Saini ya sasa, Ed25519, ni baiti 64, ile ya ML-DSA iliyo ndogo kabisa ni 2,420. Ofisini Nairobi hutaona tofauti. Panda mashua ya Pate, ukifika Mkanda pale simu inapobaki na herufi E juu ya kioo, yaani mtandao wa kutambaa, uniambie. Apime hilo mtu: simu ya bei ya chini, mtandao wa mashua, viwango vipya. Lakini ni kazi ya muhula mmoja, si ya miaka mitatu.

---

MaalimMkomani

Vijana mnanifurahisha. Niongeze la kizee.

Sisi tulipokuwa watoto tulikuwa na kinyume. Silabi ya mwisho unaileta mbele. Pesa ni “sape”, samaki ni “kisama”, “kesho nitakuja” ni “shoke janitaku”. Wakubwa wakipita tunabadilisha, tunajiona werevu. Mpaka siku moja nyanya yangu, amejilaza kitandani mato yamefumba, akatujibu kwa kinyume kutuzidi sisi. Kumbe na yeye alikuwa mtoto.

Nadhani hilo ndilo alilosema Mholanzi Auguste Kerckhoffs mwaka 1883: siri isikae kwenye mbinu, ikae kwenye ufunguo peke yake. Mlango wa Kiamu kila mtu ajua unavyofungwa, komeo wapi, mnyororo wapi, na mwizi ajua pia. Kinachomweka nje ni ufunguo ulio kwenye pindo la kanga ya mama. Kinyume hakina ufunguo. Aliyekijua amekijua chote.

Na msisahau, kabla ya Wazungu hao alikuwepo al-Kindi, Baghdad, karne ya tisa. Aliandika kwamba katika kila lugha herufi fulani hujirudia kuliko nyingine, kwa hivyo hata ukibadilisha herufi zote, aliye na subira ya kuhesabu atakufikia. Kwetu tafuta a, itakushika mkono.

Swali langu kwa MwanaLangoni: mama wa ukili si amefanya kama al-Kindi? Hakuvunja kitu. Amehesabu.

---

MwanaLangoni

Maalim umenimaliza. Ndivyo hasa. Kuna ambacho hakikusimbwa, nacho ndicho kinachosema: nani alisafiri, siku gani, saa gani. Ujumbe wako wa WhatsApp umesimbwa toka mwanzo hadi mwisho tangu 2016, hakuna asomaye katikati. Lakini kwamba ulimwandikia fulani mara kumi usiku wa manane, hilo laweza kujulikana. Mtu akiona umepanda mashua ya Mokowe na sanduku hahitaji kusikia mlichoongea nyumbani. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walipitia rekodi za simu za watu milioni 1.5, majina hakuna. Pointi nne tu za mahali na saa zikatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa watu 95 katika kila 100. Hapa kwetu pointi moja yatosha, iite gati.

---

WakalaMtulivu

Mimi nasoma tu kimyakimya lakini hili la orodha limenigusa. Zamani nilikuwa na daftari kubwa la miamala juu ya kaunta. Kila anayekuja kutoa pesa anaandika jina, kitambulisho, simu, kiasi, anatia sahihi. Na akiandika anasoma ya wenzake, anageuza hata ukurasa wa nyuma! Vijana walikuwa wanachukua namba za wasichana humo. Nilikuja kukata kadibodi yenye tundu la mstari mmoja, naifunika juu. Sijui kama hiyo ni kriptografia, hiyo elimu yenu ya kuficha siri.

---

FundiMalindi

@WakalaMtulivu hiyo kadibodi iandikie tasnifu 😂

---

KambaWaKizingitini

Mimi ni mvuvi, ya shule niliishia darasa la nane, ila uzi nimeusoma wote. Nina swali la kweli. Sisi wazamiaji wa kamba huku Kizingitini hakuna anayemwambia mwenzake amepata kilo ngapi. Ukisema, kesho wote wako kwenye mwamba wako. Lakini mnunuzi akija anatuambia “wenzenu wamevua sana, bei imeshuka”, na hatuna la kumjibu. Je, kuna njia ya kujua jumla yetu bila mtu kutoa yake?

---

MwanaLangoni

@KambaWaKizingitini ami, umeuliza swali ambalo lina tawi lake zima. Andrew Yao alilianzisha 1982 kwa mfano wa matajiri wawili wanaotaka kujua nani kamzidi mwenzake bila kutaja mali. Na limeshatumika kazini: Januari 2008 wakulima wa viazisukari wa Denmaki walifanya mnada, zabuni zao zikahesabiwa zikiwa zimefichwa, bei ikatoka bila yeyote kuona ya mwingine.

Yenu mnaweza kuifanya leo usiku bila simu. Mko wanne. Wa kwanza achague namba moyoni, asimwambie mtu, tuseme 500. Amepata kilo 12, anamnong’oneza wa pili “512”. Wa pili ana 9, anamnong’oneza wa tatu “521”. Wa tatu ana 15, anasema “536”. Wa nne ana 8, anamrudishia wa kwanza “544”. Wa kwanza anatoa 500 yake, anatangaza: kilo 44, wastani 11. Mnunuzi ajibiwe kwa hiyo.

Ila shika hili. Wa kwanza na wa tatu wakila njama, wa pili kaisha. Mmoja anajua alimpa 512, mwingine anajua alipokea 521. Tisa. Kuzuia njama kama hizo ndiko kunakowakesha watafiti. Njia moja ni kila mtu kuivunja namba yake vipande vya kubahatisha, kila mwenzake akapewa kipande, hadi washirikiane wote ndipo mmoja ajulikane. Vipande vikizidi na ujumbe unazidi, na hapo mtandao wa E unaturudia.

---

KambaWaKizingitini

Nimeelewa. Tutakuwa sita, na wawili kati yao ni ndugu. Hao sitawakalisha huku mmoja na huku mmoja wa mtu 😄

---

BintiWaDijitali

Mimi ndiye mpwa mwenyewe, asante wote, na mjomba asante kwa kuniweka hadharani bila kuniuliza kwenye uzi wa faragha.

Swali. Mbona hamsemi suluhu zilizopo? Kuna ile kanuni ya k: hakikisha kila mstari unafanana na mingine angalau minne, ukikosa, tia umri kwenye makundi ya miaka kumi, unganisha vijiji. Na kuna kutia kelele, yaani makosa madogo ya kubahatisha, kwenye takwimu, njia ya Cynthia Dwork na wenzake ya 2006. Kama zipo, utafiti wangu utakuwa wa nini?

---

MwanaLangoni

Nimekoma mwanangu, samahani. Jina lakini sikulitaja.

Kanuni ya k kwanza, haraka. Unganisha vijiji vitano, wape miaka 40 hadi 49. Wanapatikana wanawake watano, na wote watano walichukua dawa zilezile kwa sababu kituo kile kinatoa hizo siku ya Jumanne. Umeficha nini? Mama wa ukili hajui yupi kati ya watano, lakini anajua wote wanaumwa. Na daktari aliyetaka kujua kijiji gani kina mlipuko, umeshamfichia yeye.

Kelele ndiyo tamu. Hiyo tulijaribu barazani, kwa shilingi.

Sarafu mpya ya ishirini ina ndovu upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili. Tulikuwa watu 14 baada ya alasiri. Swali: je, unadaiwa na muuza kahawa? Kila mtu anarusha sarafu yake ndani ya kofia, asione mwingine. Ikilala ndovu, sema kweli. Ikilala ngao, rusha tena: ndovu sema “ndiyo”, ngao sema “la”, hata kama si kweli. Mbinu hii ni ya Stanley Warner au jamaa yake wa karibu, imetoka 1965 kwa ajili ya maswali ambayo watu huyaonea aibu. Utamu wake ni kwamba mtu akisema “ndiyo” huwezi kumshika. Atakwambia sarafu ndiyo iliyosema.

Na jumla inapatikana hivi. Robo ya watu watasema “ndiyo” kwa sarafu tu, hao ni 3.5 kati ya 14. Unawatoa, unazidisha mbili. Tulipata “ndiyo” nane. Nane toa 3.5 ni 4.5, mara mbili ni 9. Wadaiwa tisa! Muuza kahawa akafungua daftari lake. Watano.

Watu walicheka, lakini hesabu haikukosea. Ndivyo ilivyo mkiwa wachache. Wangekuwa watu 10,000 na wadaiwa 3,000, kupotoka kwa kawaida kungekuwa themanini na saba hivi juu au chini, hata huioni. Wakiwa 20 na wadaiwa sita, kupotoka kunakaribia wanne. Sita, kumi, au wawili, chagua. Kelele inayomficha mtu wa Nairobi bila kuharibu chochote, Kiwayu inameza kijiji.

Si barazani kwetu tu. Marekani walitia kelele kwenye sensa yao ya 2020. Kuna kipimo kiitwacho epsiloni: ikiwa ndogo, kelele nyingi na siri nyingi. Mchezo wetu wa sarafu una 1.1 hivi. Wao kwa takwimu za kuchora mipaka ya uchaguzi walitumia jumla ya 19.61, na hata hivyo jamii ndogo, wakiwemo wenyeji asilia, walilalamika kwamba hesabu zao zinapotoshwa. Fikiria, epsiloni kubwa hivyo, na wadogo bado wanaumia.

Kingine: tulirudia mchezo siku ya pili na ya tatu. Mdaiwa anasema “ndiyo” mara tatu katika nne, asiyedaiwa mara moja katika nne. Siku tatu tu, na muuza kahawa alishaanza kumtazama mtu mmoja kwa jicho la pembeni. Kila swali linakula akiba ya siri. Kituo cha afya kinachotuma takwimu kila mwezi kwa miaka kumi kinakula kiasi gani? Hilo ndilo swali lako, binti. Suluhu zipo, zimeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

---

KahawaNaHalua

Muuza kahawa ni mimi. Wanne wamelipa. Wa tano anajijua, na sihitaji sarafu.

---

WakiliWaPwani

Mmezunguka sana wakati sheria ipo. Katiba ya 2010, ibara ya 31, faragha ni haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja hali ya afya kuwa data nyeti. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari kabla ya kazi inayoweza kuhatarisha haki za watu. Na sheria hiyo si pambo: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliikwamisha Huduma Namba, ule utambulisho wa kidijitali wa serikali, kwa kukosa tathmini hiyohiyo. Mkubwa wako angeshitakiwa, si kuandikiwa uzi.

---

MwanaLangoni

Wakili, nakuheshimu, ila hebu soma pamoja nami maana ya kuondoa utambulisho katika sheria hiyohiyo: ni kuondoa vitambulishi mpaka mhusika asiweze tena kutambulika. Asiweze kutambulika na nani? Na afisa wa Nairobi, jedwali lile lilikuwa safi kabisa. Na mama wa ukili, lilikuwa picha. Mkubwa wangu angesimama mahakamani na kusema, kwa moyo mweupe, kwamba ile haikuwa tena data ya mtu. Mpimaji wa hatari anakaa wapi anapopima? Kupima kwa kufuta majina tu hakutii ndani ujuzi wa jirani.

---

WakiliWaPwani

Hoja nzito. Naomba nilale nayo.

---

FundiMalindi

Na mimi nashusha tanga kidogo. Kwantamu siiachi, lakini hilo la “jirani anajua nini” lina hesabu ndani yake, nimeanza kuliona. Unaweza kuliandika kama mshambuliaji mwenye ujuzi wa pembeni, ukampima: anajua safari za gati, anajua siku za soko, anajua nani ni ndugu ya nani. Bado ningeanza na mashine, si na barazani.

---

BintiWaDijitali

Anza na mashine, mimi nitaanza na ukili, tutakutana katikati.

Mjomba, kuna kitu hujasema. Yule mama wa mahamri, ikawaje?

---

MwanaLangoni

Nilitegemea hutauliza.

Nilimwendea. Ilinichukua kama mwezi kupata uso. Nilimkuta uani anachekecha unga, akanipa kigoda. Nikamweleza yote: fomu, jedwali, WhatsApp, barazani. Nikamwambia jina lake hatukuliandika. Akaendelea kuchekecha. Hakulia, hakunitukana, na ningependa angenitukana.

Akauliza jambo moja. “Tarehe muliitakia nini?”

Nikafungua mdomo, sikuwa na jibu. Umri daktari anauhitaji. Kijiji, labda. Lakini tarehe ya siku kamili, kwenye jedwali la kamati inayotaka kujua jumla ya mwezi? Nilirudi kwenye mafaili. Ripoti zote nilizozipitia zilihesabu kwa mwezi, hakuna hata moja iliyoitumia ile safu. Nikamuuliza aliyetengeneza fomu. Akasema ameinakili kutoka mradi uliotangulia. Nikamtafuta wa mradi uliotangulia, akasema na yeye aliikuta.

Sasa anauza mahamri upande wa pili wa mji, karibu na wanakofunga punda. Nikipita nanunua manne.